Kijiti Kimoja kwa Skuli Nzima

Somo la vitendo likitajwa, walimu wengi wa Unguja na Pemba hufikiria maabara na vifaa vya kununua. Anza na mpini wa ufagio. Kijiti kilichosimamishwa juani kinabeba hisabati, sayansi, jiografia, dini na Kiswahili, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, mradi kimesimama wima. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Kata mpini uwe sentimita 120, chimbia 20, zibaki 100 kamili juu ya ardhi. Hiyo 100 ndiyo itakayorahisisha hesabu zote za baadaye. (Bakora haifai: ni fupi, na nyingi zimepinda.) Timazi ni uzi uliofungwa nati; uning'inize kando ya kijiti kutoka pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, kwani kijiti hudanganya kikitazamwa upande mmoja. Kikilala digrii 2 tu, ncha yake inahama sentimita 3 na nusu. Ardhi nayo iwe sawa: laza chupa ya maji isiyojaa sana, povu likae katikati.

Kivuli kina ukungu kwenye ncha, na watoto watagombana alama iwekwe wapi. Ukungu huo unatokana na jua lenyewe, ambalo ni duara pana wala si nukta, na kwa kijiti cha mita moja unafika kama sentimita moja. Kurefusha kijiti hakusaidii, maana ukungu hukua nacho. Mteue mtoto mmoja aweke alama zote, kila mara katikati ya ukungu.

Darasa la kwanza na la pili waachieni sentimita. Wakate kamba yenye urefu wa kivuli saa 3, saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha wazitundike ukutani kwa mpangilio. Hiyo tayari ni grafu, na wameijenga bila kujua.

Kuanzia darasa la nne, kabla ya kupima, kila mtoto aandike jina lake kwenye kokoto na kuliweka pale anapodhani ncha itafika baada ya nusu saa. Hatua hii isirukwe. Asiyebahatisha kwanza anatazama kivuli kikitembea na haoni cha ajabu; aliyeweka kokoto lake atarudi mbio kuangalia. Wasimame upande kivuli kinakoelekea, nje ya alama, ili vivuli vyao visiingie kazini. Dakika tano uwanjani, kisha warudi ndani, hasa Ramadhani. Jua lisitazamwe kwa macho.

Sasa utamu wenyewe: jua linapinduka saa ngapi, yaani linafika juu kabisa na kivuli kuwa kifupi kuliko vyote vya siku? Wanafunzi watajibu saa 6 kamili. Wape uzi. Saa 4:30 asubuhi wapime kivuli, wachore duara lenye nusu kipenyo sawa na kivuli hicho kuzunguka kijiti, na watie alama ncha inapoligusa. Mchana ncha italigusa duara tena upande wa pili. Katikati ya saa za alama hizo mbili ndiyo saa ya jua kupinduka, na mstari unaoziunganisha unakwenda mashariki na magharibi. Mwezi wa Juni alama ya pili huja kiasi saa 8:20, hivyo jua limepinduka saa 6:25. Kwa skuli zenye mikondo miwili hii ni neema: wa asubuhi wanaanza, wa mchana wanamaliza, na wanalazimika kuachiana maelezo yaliyoandikwa. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe maelezo hayo. Yakiwa mabovu, kazi itakwama, na hakuna alama nyekundu inayofundisha kuliko hiyo.

Saa zetu zinafuata longitudo 45 mashariki, na mji wa Unguja uko karibu na 39.2. Kila digrii ni dakika 4, ndiyo maana tunachelewa kama dakika 23. Zinazobaki zinatokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua. Kwa mwaka mzima jua hupinduka baina ya saa 6:07, mwanzoni mwa Novemba, na saa 6:37, katikati ya Februari. Pemba hutangulia kwa dakika 2 hivi.

Mwalimu wa dini apewe kipindi chake hapa. Kwa madhehebu ya Shafii alasiri huingia kivuli kikifikia urefu wa kitu pamoja na kile kivuli cha kupinduka. Mwezi wa Juni kivuli hicho ni sentimita 57, kwa hiyo wasubiri 157, kisha walinganishe na ratiba ya msikiti.

Sekondari wagawe kivuli kwa 100 wapate tanjenti. Urefu wa mnazi nao unapatikana kwa uwiano, ila minazi yetu imeinama. Anza na mlingoti wa bendera.

Tahadhari moja. Kipimo cha dunia cha Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha vivuli vya mchana vya miji miwili, huwavutia walimu, na wa Unguja hutaka kushirikiana na wa Pemba. Msifanye. Tofauti ya vivuli mwezi wa Juni ni sentimita 2 tu, na ukungu peke yake ni 1. Tafuteni skuli ya Mtwara: tofauti inafika sentimita 10, tofauti ya pembe za jua ni digrii 4.1, na masafa ya kaskazini hadi kusini ni kilomita 455 hivi. Zidisha 455 kwa 360, gawa kwa 4.1.

Kijiti kisingolewe. Kila tarehe 21 jua linapopinduka, tia alama kwa rangi ya mafuta juu ya sakafu au jiwe. Masika mawingu yatakunyima mwezi mmoja au miwili. Acha pengo, usikisie. Karibu na tarehe 5 Machi na 8 Oktoba jua ni la utosini, na kijiti kinabaki karibu hakina kivuli. Alama ya Juni iko kusi, ya Disemba iko kaskazini, sentimita 31 kutoka kwenye kijiti. Alama hizi mbili ziko kama sentimita 7 tu na jirani zao, ilhali za Februari, Machi na Aprili zinaachana kwa karibu 20. Darasa la sita watadhani wamekosea kupima. Wapimeni tena nao.