Soma madaftari yote kabla hujaandika kipimo kingine

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utabibu, huyu mama mtakutana naye wiki ya kwanza. Ana mfuko wa nailoni, ndani madaftari manne. Moja limeandikwa taifodi, jingine vidonda vya tumbo, jingine UTI, la mwisho taifodi tena. Dawa zote kamaliza. Bado mwili mzima unamuuma, tumbo linajaa gesi, kichwa kinagonga upande mmoja, na akilala usiku kucha anaamka hoi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mgonjwa kama huyo Widal nyingine, yaani kipimo cha damu cha taifodi. Ikaja chanya, nikampa dozi ya tatu. Widal huweza kuwa chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya bakteria wengine. Hilo nilifundishwa chuoni, ila foleni ilikuwa ndefu. Nilimpotezea pesa na miezi yake. Linaniuma mpaka leo.

Panga madaftari kwa tarehe, uyasome yote. Ndipo utaona maumivu sugu ya mwili mzima yaitwayo fibromialjia, uchovu sugu, utumbo unaosumbua bila kidonda na kipandauso vikiwa kwa mtu mmoja. Mwaka 1999 daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, Simon Wessely, na wenzake waliuliza katika jarida la Lancet kama haya ni magonjwa mengi au ni moja lenye sura nyingi. Wataalamu bado wanabishana. Sisi wa chumba cha daktari tushike hili: ukikuta moja, ulizia na mengine.

Kwa sababu matibabu yanagongana. Mwenye fibromialjia mazoezi ya polepole humsaidia. Mwenye ugonjwa wa uchovu sugu yanaweza kumlaza kitandani, na mwongozo wa Uingereza wa 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba. Basi kabla ya kusema "fanya mazoezi", uliza: "Mama, ukifua nguo nyingi leo, kesho na keshokutwa unakuwaje?" Akisema anakuwa hoi siku mbili, na hali hii imezidi miezi 6, usimharakishe.

Akilalamika kizunguzungu, mlaze dakika 5, hesabu mapigo, kisha asimame dakika 10 huku unapima. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na presha haijashuka, umepata kitu cha kufuatilia. Saa na mashine ya presha vinatosha.

Wingi wa damu, thairoidi, sukari, VVU na TB usiviruke. Ila vikija salama, usimwambie "huna kitu". Mimi husema: "Mama, vipimo vimeondoa magonjwa haya. Havijasema huumwi."

Kisha nafungua ukurasa wa mbele wa daftari jipya na kuandika kwa herufi kubwa: vipimo vilivyofanyika, tarehe zake, na jinsi anavyokuwa baada ya kufua. Tabibu wa zamu ijayo aanzie hapo.