Mwajiri wako mzungu na chaneli yake: anaweza kusema nini akiwa Moshi?

Nafupisha swali la mleta mada kwa wanaoingia sasa hivi. Anafanya kazi kwa dada mmoja wa Ulaya anayeishi Rau, mwenye chaneli yenye wafuasi wengi. Dada anataka kutoa video kuhusu malipo ya wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii mlimani Kilimanjaro, na jinsi anavyoona serikali inafumba macho. Msimamo wake ni kwamba uhuru wa kusema ni wa kila mtu, hata Katiba ya hapa inasema hivyo, basi hana hofu. Mwenye hofu ni mleta mada. Wachangiaji wa juu wamegawanyika, wengine "mzungu hawamgusi", wengine "akifungua mdomo tu wewe hama nyumba".

Mimi kazi yangu ni kushika kamera na kuhariri video za wageni wa aina hiyo, Arusha na Moshi, miaka sasa. Nijibu kwa niliyoyaona.

Kwenye Katiba, dada yuko sawa nusu. Ibara ya 18, ya uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra, inaanza na "Kila mtu". Mgeni yumo. Sasa mwambie arudi nyuma kidogo asome ibara ya 17, ile ya kwenda utakako, kuishi popote na kutofukuzwa nchini. Hiyo inaanza na "Kila raia". Kusema ameruhusiwa, kubaki hajaahidiwa. Wageni wengi niliofanya nao kazi wanabishana kuhusu ibara ya kwanza na hii ya pili hawajawahi kuisikia, na yao yote huishia kwenye hii ya pili.

Niwape mfano. Nilikuwa na kijana mmoja aliyepanga Njiro, video zake za maisha ya bei nafuu Afrika. Alikuwa na visa ya matembezi, ikikaribia kuisha anatoka Namanga anarudi. Siku moja akasimamishwa barabarani upande wa Usa River, akatoa hela ya soda, simu ikiwa kwenye dashibodi inarekodi. Sura ya askari inaonekana, namba ya begani inasomeka. Nilipokuwa nahariri nikamwambia tuizibe sura, akakataa, akasema ukweli hauzibwi. Video ikapanda.

Wiki za kwanza kimya. Ilikuwa ya Kiingereza, dakika ishirini na kitu, nani hapa ana bando la kuangalia hayo? Halafu kurasa za Kiswahili zikaikata ikabaki kipande cha sekunde chache, zikaweka maandishi yao juu, makali kuliko yeye alivyosema, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Hapo ndipo ilipomfikia kila mtu, na ndipo wageni hawaelewi hatari inapotoka. Hadhira anayoijua yeye iko kwao. Itakayomletea shida ni ile asiyoijua, inayopokea kipande kilichokatwa na mtu ambaye hata hajamuomba ruhusa.

Walikuja maofisa wawili asubuhi, kiraia, wapole kabisa. Nilikuwepo, tulikuwa tunapakia vifaa twende Mto wa Mbu. Habari za askari hawakuuliza hata neno moja. Waliomba pasipoti. Wakaangalia visa. Wakauliza, "Unafanya kazi gani hapa?" Naye kwa kujiamini akajibu kwamba yeye ni mtengenezaji wa video, ndiyo kazi yake ya kudumu. Mmoja akatoa karatasi za picha zilizochapwa kutoka kwenye ukurasa wake mwenyewe: loji iliyomlaza bure ili aitangaze, kampuni ya safari aliyoishukuru kwa jina, kiungo cha kununua kitabu chake cha "namna ya kuhamia Tanzania". Kijana akaanza kueleza kwamba hela inaingia benki ya kwao, hakuna Mtanzania anayemlipa. Ofisa akamuuliza kwa utulivu, "Na hiyo video umepigia wapi?"

Akapewa muda mfupi wa kufungasha, akapandia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Hakuna shtaka la maneno, hakuna mahakama. Hata leo anawaambia watu alifukuzwa kwa kusema ukweli, na nchi ikiulizwa itasema alikuwa anafanya kazi kwa visa ya matembezi. Na wote wawili wana karatasi za kuonyesha.

Mtasema hicho ni kisa cha kijana mmoja. Novemba 2018 watumishi wawili wa shirika la kutetea waandishi wa habari la CPJ, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walichukuliwa hotelini Dar, wakahojiwa, pasipoti zikashikiliwa kabla ya kuachiwa. Maelezo ya serikali yalikuwa yaleyale: wameingia kwa visa ya matembezi wakafanya kitu kingine. Karibu zaidi na kwetu, kulikuwa na mwanamke raia wa Sweden aliyekuwa akiandika blogu kuhusu mgogoro wa ardhi Loliondo. Mwaka 2015 alikamatwa hukohuko na kuondolewa nchini kama mhamiaji aliyepigwa marufuku, ile tunayoita PI. Na Mei 2025 Martha Karua, aliyekuwa waziri wa sheria Kenya, alikuja kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu akarudishiwa uwanja wa ndege Dar. Kama mtu wa hadhi ile hakutoka nje ya uwanja, mwenye wafuasi wa mtandaoni asijidanganye.

Na tusijisemee sisi tu, maana kuna mtu hapo juu ameandika kama vile ni Tanzania peke yake. Januari 2021 Mmarekani Kristen Gray aliondolewa Bali. Aliandika mfululizo Twitter akiwaita wenzake wahamie kule, maisha rahisi, wapenzi wa jinsia moja hawasumbuliwi, na akawa anauza kitabu cha kuelekeza namna ya kuingia wakati Indonesia imefunga mipaka kwa ajili ya korona. Yeye alisema kosa lake ni aliyoyasema kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Uhamiaji wakataja pia biashara kwa visa isiyohusika. Mnaona inavyojirudia? Maneno yanavuta macho, visa inafunga mlango.

Dubai ni kali kwa namna yake, na hili liwafikie ndugu zetu walioko kule wanaofungua laivu za TikTok usiku kucha. Kule tusi la mtandaoni ni jinai. Mwanamke Mwingereza aliandika maneno ya hasira kwenye picha ya harusi ya aliyekuwa mume wake, akiwa kwao London, mwaka 2016. Mwaka 2019 akaenda Dubai kumzika huyohuyo mwanaume, akakamatwa uwanja wa ndege akiwa na binti yake. Ilizungumzwa miaka miwili jela, ikaishia faini ya dirham 3,000, lakini alikwama kule wiki kadhaa. Maneno yaliandikwa nchi nyingine na yalikuwa na miaka mitatu.

Turudi kwetu. Sheria za kusema zipo pia, isije ikaonekana visa ndiyo kila kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kuchapisha taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zina jedwali la vilivyokatazwa, na humo mna kauli au uvumi wa kudhihaki au kushusha heshima ya Jamhuri ya Muungano. Pana sana hiyo, mtu wa kejeli za mtandaoni anaingia humo bila kujua. Halafu leseni. Tangu kanuni za 2018 habari na matukio vinahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano; wakati ule ada ilikuwa milioni 1 ya leseni mbali na laki moja ya maombi. Video ya kupika ndizi nyama haina shida. Video ya "nini kinaendelea Tanzania" akiitoa kila wiki, hiyo ni habari, na yeye hana leseni. X imefungwa hapa tangu Mei 2025, na VPN, programu ya kupita kizuizi cha mtandao, TCRA walitaka isajiliwe mwisho Oktoba 30, 2023, lakini utaona mgeni anawafundisha wafuasi wake laivu namna ya kuwasha VPN kana kwamba anaelekeza njia ya sokoni. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti iliporudi, sote tulipata ujumbe wa kuonya kusambaza picha za taharuki. Aliyekuwa hapa siku zile hahitaji kuelezwa.

Ubalozi? Uko Dar. Wanaweza kumtembelea, kumpa orodha ya mawakili, kuwaarifu ndugu zake. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kuwasiliana nao akishikiliwa, basi. Hawaji na funguo.

Sasa video ya wagumu yenyewe. Mimi ningeifanya. Ni mada ya kweli na watu wanaumia. Ila angalieni inavyotengenezwa. KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya Kilimanjaro, wana kiwango cha mzigo, kilo 20, na mizani iko getini. Pigeni picha mizani, kwa kibali. Mpateni mgumu aeleze alilipwa ngapi kwa siku, aonyeshe muamala wa simu, sura mkiifunika kama anaogopa kukosa kazi, maana huyo anarudi Machame kesho kutafuta nafasi. Kampuni msiitaje kama hamna karatasi mkononi, na mkiwa nayo waandikieni kwanza wajibu. Ile sehemu ya "serikali inafumba macho" afanye iwe swali kwa wahusika, awaombe majibu, aweke majibu au aseme hawakujibu. Video inakuwa na nguvu zaidi na kifungu cha 16 kinakosa pa kushika. Asiende laivu. Sasa hivi kambi ya Horombo kuna intaneti tangu shirika la simu la TTCL walipoipandisha mlimani mwaka 2022, kila mgeni anatamani kuwasha laivu akiwa juu kule, kichwa kinauma kwa kukosa hewa, mdomo hauna breki. Laivu haina mhariri.

Kabla ya yote hayo, kibali cha ukaazi. Muulize ana daraja gani. A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B la walioajiriwa, C la wanafunzi, watafiti, wa kujitolea na wengineo. Wengi wanaokaa Moshi wana C ya kujitolea kwenye shule au kituo cha watoto, na wanapiga video za biashara mchana kutwa, tena na sura za watoto wa kituo humo ndani. Hapo mnaongeza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kama ana C ya kujitolea na chaneli inamlipa, shida yake ilikuwepo kabla hajagusa mambo ya wagumu. Atafute wakili wa uhamiaji, hapo Moshi wapo, arekebishe kwanza. Drone nayo bila ruhusa ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, asiirushe, na hifadhini TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana utaratibu wao.

Wewe mleta mada ndiye ninayekufikiria zaidi. Kijana wa Njiro alipanda ndege. Mimi niliitwa kuandika maelezo, kompyuta yangu ikabaki huko, njoo kesho, njoo wiki ijayo, na kazi za harusi mbili zikiwa ndani yake. Mama mwenye nyumba aliulizwa kwa nini hakumpeleka mgeni kwa mwenyekiti wa mtaa, na yeye ni mjane anayeishi kwa kodi ile. Yule kijana akatoa video nyingine akiwa kwao, akatutaja kwa majina kama "timu yangu jasiri". Nilimpigia simu kumwomba atutoe. Alitutoa, baada ya kuangaliwa na watu wengi.

Kwa hiyo andikishianeni. Mkataba useme wewe ni mpiga picha wa kulipwa kwa siku, maudhui ni yake, jina lako halitajwi bila idhini yako. Nenosiri la chaneli usilishike. Usisome maandishi yake kwa sauti yako. Akikuomba utafsiri mahojiano, tafsiri, na rekodi nzima ibaki na nakala kwako.

Na laini ya simu. Hili nimeliona mara nyingi mno: mgeni amefika, hana muda wa kwenda kusajili kwa pasipoti, unamwekea kidole chako na NIDA yako siku hiyohiyo pale stendi. Miezi inapita, laini ile ndiyo inayowasha laivu zote, na kwenye mfumo mwenye laini ni wewe. Piga *106# leo uone zimesajiliwa ngapi kwa jina lako. Ukiikuta ya kwake, mpeleke akasajili yake kwa pasipoti, hiyo uifute, halafu ndiyo mwendelee na mipango ya video.