Usimpeleke mama Versailles mwezi wa Februari

Ndugu mleta mada, badili tarehe kabla hujalipa chochote. Unasema umechagua Februari kwa sababu wakati huo kuingia bustani za Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa karibu na Paris, ni bure, na kwamba mama yako, anayekuja kutoka Tanga, anatamani bustani kuliko vyumba vya wafalme. Bure hiyo ina sababu yake: chemchemi zimefungwa.

Wakala aliyetuuzia safari alituapia kwamba bustani zile ni zilezile mwaka mzima. Tulifika na mama mkwe wangu tukakuta mabwawa yametulia bila tone kurushwa, sanamu nyingi za marumaru zimefunikwa maturubai zisipasuliwe na baridi, na ile michungwa na miti mingine ya kwenye makasha, zaidi ya elfu moja, bado imefungiwa ndani ya jengo lake, kwa kuwa hutolewa nje katikati ya Mei na kurudishwa Oktoba. Mama alitembea mpaka karibu na Mfereji Mkuu, kisha akaniuliza kama bustani yenyewe iko mbele zaidi. Mtu anayeuza safari ya namna hiyo bila kuyajua hayo, au anayeyajua akanyamaza, hastahili fedha ya mtu, na mpaka leo nikimkumbuka hasira hunipanda.

André Le Nôtre, mtaalamu wa bustani wa mfalme, aliipanga bustani ile kwa ajili ya maji. Mfalme Louis XIV alijengewa mtambo mkubwa kule Marly, ukaanza kazi mwaka 1684 kupandisha maji ya mto Seine, na bado hayakutosha, hata mafundi wakawa wanapigiana miluzi mfalme anapokaribia, ili wafungulie chemchemi zilizo mbele yake na kufunga alizokwisha kuzipita. Hadi leo hufunguliwa kwa ratiba: kwa kawaida Jumamosi na Jumapili, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba, pamoja na siku nyingine chache, tena kwa saa maalumu, na siku hizo bustani hulipiwa. Lipa! Soma kwanza ratiba ya chemchemi, ndipo umkatie mama tiketi ya ndege.

Kuhusu treni, shukia kituo cha Versailles Château Rive Gauche; na kasri hufungwa Jumatatu. Ikiwa Februari haiwezi kubadilika kabisa, mwonyeshe Ukumbi wa Vioo ndani ya kasri, wenye vioo 357, ambao hautegemei majira, lakini mweleze kabla hajapanda ndege kwamba chemchemi hataziona.