Jina la Mtutuni ni la Duka: Kwa Wanaoanza Ufundi wa Bunduki za Zamani

Ukijifunza kazi katika karakana ya fundi wa bunduki nchini Marekani, hutakaa sana kabla ya kuletewa bunduki ya .22 (yaani ya kipenyo cha takriban sehemu 22 za mia za inchi) ya risasi moja iliyosahauliwa darini miaka mingi, ina kutu, kitako kimepauka, na mtutuni pameandikwa J.C. Higgins, Western Field au Revelation. Mwanafunzi mpya hutafuta kiwanda chenye jina hilo na hakipati, kwa kuwa hayo ni majina ya maduka. J.C. Higgins, na baada yake Ted Williams, yalikuwa ya Sears. Western Field ilikuwa ya Montgomery Ward, na Revelation ya Western Auto. Maduka hayo yaliagiza bunduki kwa watengenezaji kama Savage, Marlin, Mossberg na High Standard, yakazipiga chapa zao na kuziuza kwa bei nafuu.

Kabla ya lolote, ichukulie kuwa ina risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua komeo, yaani kile chuma kinachoziba kwa nyuma chemba inamokaa risasi, kisha tazama ndani na upapase kwa kidole. Halafu pitisha ufito mtutuni, kwani nimewahi kukuta kiota cha mdudu kilichokauka kimeuziba kabisa.

Kazi ya kuitambua huanzia kwenye maandishi. Kwa bunduki za Sears, tarakimu tatu zilizo kabla ya nukta katika namba ya modeli humtaja mtengenezaji: 103 ni Marlin, 583 ni High Standard, 101 ni Savage pamoja na Stevens, kampuni ambayo Savage iliinunua mwaka 1920. Kwa hiyo anayetafuta kipuri cha 103.228 aulizie vipuri vya Marlin. Namba ya modeli ikiwa imefutika, linganisha umbo la komeo, mahali kilipo kifungo cha usalama, na namna bunduki inavyotegwa, yaani inavyowekwa tayari kufyatua. Zipo ambazo hazitegeki kwa kufunga komeo peke yake, mpaka uvute kifundo cha nyuma kwa mkono.

Usishtuke ukikosa namba ya mfululizo. Bunduki nyingi za .22 zilitengenezwa bila namba hadi sheria ya mwaka 1968 ilipoilazimisha kwa kila silaha mpya. Lakini ukiona mahali palipokwanguliwa namba iliyokuwapo, usiendelee na kazi, mwite msimamizi wako mara moja, maana kuwa na silaha ya namna hiyo ni kosa la jinai.

Sasa kuhusu kutu, ambapo ndipo vijana wengi huharibu kazi, nami nikiwa mmoja wao. Mtutu wangu wa kwanza niliusugua kwa msasa mpaka ukang'aa kama kijiko, na herufi za modeli zikaondoka pamoja na kutu. Mwenye bunduki alikuwa ameileta ili ajue babu yake alinunua nini, nami nilikuwa nimeufuta ushahidi wenyewe. Tangu siku hiyo hutumia mafuta mepesi na sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, ile ya sifuri nne, nikisugua polepole na kufuta mara kwa mara. Kutu jekundu huondoka, na rangi ya asili, hata ikiwa hafifu, hubaki. Mashimo madogo yaliyoliwa na kutu yaache yalivyo.

Skurubu usizilazimishe. Zidondoshee mafuta ya kupenya, ziache usiku kucha, kisha tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaa mfereji wote. Kitako hakihitaji vanishi ya kung'aa: kisafishe, kiache kikauke, kisha kipake mafuta ya kitani kwa tabaka nyembambanyembamba.

Usiifyatue ikiwa tupu ili kujaribu triga. Pini ya bunduki ya .22, yaani kile chuma kinachoigonga risasi, hulenga ukingo wa ganda, na pasipo ganda inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu, hata maganda yakawa magumu kutoka. Risasi ya kwanza isipigwe kabla fundi mwenye uzoefu hajakagua chemba, komeo na kitoa ganda.