Jibu: Goti linauma nikipanda mlima na baiskeli, nina miaka 63

Shikamoo mzee wangu. Maumivu ya mbele, kwenye pia ya goti, mara nyingi huletwa na kiti kilichoshushwa mno. Wengi hukishusha ili miguu ifike chini wakisimama, kumbe goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Pandisha taratibu, maana kiti kikizidi juu maumivu huhamia nyuma ya goti. Mlimani tumia gia nyepesi. Kama baiskeli haina gia, shuka usukume, wala si aibu. Goti likivimba, likipata joto au likikwama, nenda hospitali mapema, tafadhali.