Usimimine oili kwenye matundu ya bolti, bloku yangu ya Corolla 110 ilipasuka hivyo hivyo

Weka chini hiyo oili mkuu. Nimesoma uzi wako hadi pale uliposema "fundi kanishauri nimimine oili kidogo kwenye kila tundu ili bolti za hedi zikaze laini", chai ikanipalia. Yale mengine uliyouliza, kama gasketi ya jenuini ina tofauti na ya bei poa, kama injini lazima ishushwe, kama bolti za zamani zinarudi, yasubiri. Una Corolla 110 yenye injini ya 5A na unarudisha hedi Jumamosi, yaani ile sehemu ya juu ya injini inayofungwa kwenye bloku na gasketi katikati, uani kwako. Mimi nilikuwa na gari hilo hilo, injini hiyo hiyo, na uani vilevile. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilishamimina.

Ilikuwa 2019. Gari lilichemsha kwenye foleni ya Kimara, nikafika nalo nyumbani kwa kulibembeleza. Dalili zote za gasketi ya hedi kuungua unazijua: maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone, moshi mweupe asubuhi, na ukifungua kifuniko cha oili unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Nikasema gereji siendi, nafungua mwenyewe. Na niseme ukweli, mpaka hapo nilikwenda vizuri. Nilisubiri injini ipoe usiku kucha. Nililegeza bolti kuanzia za pembeni kuja katikati, kidogo kidogo. Nilichukua boksi la viatu nikalitoboa matundu kumi, kila bolti nikaichomeka mahali pake, maana kwenye 5A bolti hazilingani: fupi za milimita 90 zinakaa upande wa kuingizia hewa, ndefu za milimita 108 upande wa egzosi. Hedi niliipeleka kuskimu, yaani isawazishwe uso kwa mashine. Nilikuwa natembea hapo uani kama profesa.

Ndipo akaja shemeji.

Shemeji yangu alikaa gereji miezi minne, na katika hiyo miezi minne alikuwa anapiga msasa milango ya magari ili yapakwe rangi. Hilo nililijua baadaye. Siku ile alisimama juu ya injini na kopo la oili mkononi akaniambia, "Bro, bolti ikiingia kavu inakaza uongo." Na kwa bahati mbaya hapo hakudanganya. Nyuzi za bolti zikiwa kavu zinasugua, toki (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) inalia kabla bolti haijavuta sawasawa. Ndiyo maana bolti hupakwa oili kiasi, kwenye nyuzi na chini ya kichwa chake. Lakini yeye hakupaka. Alimimina. Tundu moja baada ya jingine, kama mtu anayejaza vibatari. Na mimi nilimshikia tochi!

Sasa nielewe hapa. Matundu yale yamezibwa chini. Chukua bomba la sindano, vuta maji, ziba mdomo kwa kidole, halafu sukuma. Haliendi. Likiwa na hewa linakubali kidogo, likiwa na maji au oili limegoma kabisa. Bolti ya hedi inaposhuka kwenye tundu lenye oili inakuwa ndiyo pistoni ya lile bomba, na wewe juu umeshika mkono mrefu wa soketi, una nguvu za kusukuma kuliko chuma kinavyoweza kuvumilia. Oili ikikosa pa kupandia, ukuta wa tundu ndio unaoachia. Na isipopasuka, basi toki italia kwa sababu bolti imekutana na oili, wewe unaandika "imekaza" wakati hedi pale chini haijabanwa. Gasketi mpya itaungua baada ya wiki, na utamtukana muuza spea bure.

Kukaza kwa 5A ni hatua tatu: kwanza toki ya Nm 29, unaanza katikati kwenda pembeni, kisha unazungusha kila bolti digrii 90 (robo mzunguko), kisha digrii 90 tena. Hatua ya kwanza, kwenye bolti ya mwisho nyuma, upande wa egzosi, toki ililia mapema. Nikainama nikaona kichwa chake kimebaki juu, nafasi ya kupitisha ukucha. Nimeiona kwa macho yangu mawili, nikasema moyoni kwamba itashuka kwenye hatua ya pili. Hatua ya pili ikagoma robo njia. Shemeji akaniambia, "Ongeza bomba." Tukachomeka bomba la maji kwenye mkono wa soketi ili upate urefu, nikaegemea. Ikasema *tak*. Sauti ndogo, kavu, kama sahani ya udongo inapogusa sinki. Baada ya hapo bolti ikalainika, ikashuka vizuri hadi mwisho. Tukapeana tano.

Kesho yake nimefunga kila kitu, nimejaza maji, sijawasha. Nikaona mstari mwembamba unang'aa ubavuni mwa bloku, chini ya egzosi. Nikafuta kwa kitambaa. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, upo. Nikafuta tena, nikasimama nikiutazama, ukajichora pole pole kuanzia juu kushuka, urefu wa kidole. Shemeji akasema hilo ni jasho, injini ikishafunguliwa hutoa jasho. Injini ya mwaka 1998, haijawashwa, inatoa jasho! Na mimi nilimwamini kwa muda wa kama nusu saa, naomba msinicheke sana.

Ulikuwa ufa, maji yanavuja. Na bloku ya 5A ni chuma kizito, siyo aluminiamu kama hedi yake. Nilizunguka kwa mafundi watatu wa kuchomelea, wote walitazama ule ufa wakanirudishia kwa upole wa msibani. Gasketi na kuskimu havikuwa vimefika laki na nusu. Injini ya mtumba niliyoikuta Gerezani ilinila milioni moja na laki moja, hapo sijaweka winchi wala fundi wa kuifunga. Shemeji kwenye mchango wa kununua injini hakuonekana, ila siku ya Idi alikuja kula pilau.

Na huyo fundi wako aliyekwambia umimine namweka kapu moja na shemeji. Muulize mbele ya watu: hiyo oili ikishafika chini itatokea wapi? Akikujibu "inatafuta njia", chukua spana zako uondoke.

Halafu kuna jambo ambalo huenda hujalifikiria. Hata kama hujamimina chochote, matundu yako sasa hivi yana maji. Ulipoinua hedi, maji ya kwenye bloku na oili vilimwagikia humo. Kwa hiyo kabla gasketi haijagusa bloku, fanya hivi. Ziba silinda zote na njia za maji na oili kwa matambara safi. Nenda kwa fundi pancha umwombe kompresa kwa saa moja, vaa miwani, puliza kila tundu. Itaruka tope nyeusi mpaka utashangaa ilikuwa imekaa wapi. Kisha chukua spoki ya baiskeli, viringishia kitambaa cheupe chembamba, ishushe hadi igonge chini, izungushe, itoe. Ikitoka na unyevu, puliza tena. Matundu kumi, spoki mara kumi, kitambaa kipya kila mara. Mimi sasa hivi sikazi bolti hata ya mashine ya kusaga kabla ya spoki kutoka kavu, na mke wangu ameshazoea.

Nyuzi zikiwa na kutu, usilazimishe bolti unayotaka kuitumia. Tafuta bolti ya zamani ya saizi ile ile, ichane mifereji miwili kwa msumeno wa chuma, ipitishe kwa mkono itakwangua uchafu, halafu puliza tena. Oili yako weka kwenye kisosi, chovya ncha ya kidole, paka nyuzi na chini ya kichwa cha bolti. Kidole, siyo kopo.

Haya, na maswali yako. Injini haishuki, hedi inatoka ikiwa humo humo. Gasketi nunua ya jenuini kama mfuko unaruhusu. Hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ikizidi milimita 0.05 peleka kuskimu, usijidanganye na msasa juu ya kipande cha mbao. Bolti zilizovutika usizirudishe. Na lile lililochemsha gari hapo mwanzo ulijue kabla ya kufunga, hasa kama kuna fundi aliwahi kukung'olea termosteti, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, akakwambia joto la Dar haliitaki. Mkanda wa taimingi umeuliza pia, ila hapo waje wengine, nimeshaandika sana na hasira imenipanda upya.

Jumamosi kabla hujalaza hedi, piga picha ya vile vitambaa kumi uviweke hapa kwenye uzi. Nitakuwepo kuanzia asubuhi.