Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Ofisi Imekuwa Nzito

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari mkoani Morogoro. Kompyuta ninayoandikia barua, matokeo ya wanafunzi na orodha za ada inachukua muda mrefu mno kuwaka, na kila nikifungua faili hubaki nikisubiri. Fundi aliyeiwekea Windows 10 aliniambia nizime masasisho ili kifurushi cha intaneti kisiishe, akaweka na antivairasi mbili ili ulinzi uwe imara. Sasa nimeshauriwa kununua programu ya kusafisha na kuongeza kasi. Je, ninunue?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue. Fedha hiyo itunze, kwa sababu huenda ukaihitaji kwa jambo lenye faida zaidi, nalo tutalifikia.

Anza na hizo antivairasi mbili. Kila moja hukagua faili kabla ya kuliruhusu lifunguke, kwa hiyo faili moja hukaguliwa mara mbili, na wakati mwingine antivairasi moja huishuku nyenzake na kuizuia isifanye kazi. Ulinzi hauongezeki, ila kompyuta huelemewa. Windows 10 na Windows 11 huja na antivairasi iitwayo Microsoft Defender ndani yake bila malipo. Ukiziondoa hizo mbili, kwa kawaida Defender hujiwasha yenyewe. Kwa ofisi ya shule inatosha, mradi tu iwe inapata masasisho.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager, linaloonyesha kila programu inayofanya kazi na kiasi inachotumia. Tazama safu ya diski: ikiwa inakaa kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi wakati wewe hujafungua chochote, tatizo lako lipo hapo. Katika dirisha hilohilo kuna sehemu iitwayo Startup, yenye orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Zizime zile za muziki, za kupiga simu na za michezo, lakini antivairasi uiache. Kuizima programu hapo si kuifuta. Utaifungua mwenyewe siku ukiihitaji. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika kompyuta nyingi za Windows, amri ya kuzima haisafishi kila kitu, kwa sababu sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kompyuta iwahi kuwaka kesho yake. Ukitaka ianze upya kwelikweli, chagua Restart.

Ikiwa baada ya hayo bado ni nzito, muulize fundi ni diski ya aina gani iliyomo. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea kutafuta data, nayo husoma kwa wastani wa megabaiti 100 hivi kwa sekunde pale data inapokuwa imepangwa mfululizo, na hushuka sana data inapokuwa imetawanyika. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na hata ile ya bei nafuu hufikia megabaiti 500. Fedha uliyotaka kununulia programu ianzishie akiba ya SSD, na kama RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, ni gigabaiti 4, iongezwe ifike 8. Sijaona programu yoyote ya kusafisha iliyoleta nafuu inayokaribia hiyo.

Kuhusu masasisho, hapo fundi wako alikosea, na kosa lenyewe ni la hatari. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika Windows. Mei mwaka huohuo programu haribifu iitwayo WannaCry ikapenya katika kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa sasisho hilo, ikafunga mafaili ya wenyewe na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Sasa fikiria matokeo ya kidato cha nne yamefungwa namna hiyo wiki ya mahafali. Kifurushi kinaweza kuokolewa kwa njia nyingine: katika mipangilio ya mtandao, iambie Windows kwamba intaneti yako ni ya kulipia kwa kipimo (metered connection), nayo itaacha kupakua mafaili mengi bila ruhusa yako, kisha upange siku maalumu ya kupakua masasisho, na siku hiyo usiiruke.

Tena, Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mkuu wa shule aelezwe jambo hili kwa maandishi. Windows 11 hudai RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kompyuta isiyofikia hapo inaweza kuwekewa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, pamoja na programu za ofisi za LibreOffice, ambavyo ni bure na vinatosha kwa barua na majedwali. Lakini msikubali Windows ya wizi. Programu za kuvunja leseni mara nyingi humtaka mtu azime antivairasi kwanza, na hakuna ajuaye kingine kilichoingia wakati mlango uko wazi.

SWALI: Kila nikitoka kuchapisha steshenari, folda zote kwenye flashi zimegeuka kuwa njia za mkato. Je, kazi zangu zimepotea?

JIBU: Mara nyingi hazijapotea, zimefichwa tu. Utaona mshale mdogo kwenye kona ya chini ya kila alama ya folda. Usiubofye, kwa maana kubofya ndiko kunakoamsha kirusi. Ikague flashi kwa antivairasi iliyosasishwa, kisha ufungue dirisha la amri (Command Prompt) na uandike: attrib -h -r -s /s /d X:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa X. Folda zitarudi. Kuanzia hapo uwe na flashi ya kuchapishia pekee, yenye PDF za siku hiyo tu.

SWALI: Ofisini tuko watano, tunatumia nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Kila mmoja apewe akaunti yake, tena isiyo ya msimamizi, ili kirusi kikiingia kisipate mamlaka ya kubadili mfumo mzima. Anayeinuka kitini abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L ili kompyuta ijifunge. Kwa Tanzania hili linagusa pia sheria, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Nakala za akiba ziwekwe kwenye diski ya nje inayochomolewa kila kazi ya kunakili inapokwisha, na diski hiyo ilale mbali na ofisi.